Viatu Viwili vya Mguu wa Kulia

Bwenini, 9 Februari

Mjomba,

Kabla hata ya salamu, na naomba unisamehe kwa hilo, kuna jambo ambalo sijamwambia mtu yeyote, wala Mama, wala rafiki, wala daftari langu. Mguu wangu wa kushoto haujapona. Umekuwa ukiniuma kila siku tangu siku ile walipokata plasta.

Nimeliandika haraka nisije nikalifuta. Sasa shikamoo. Natumaini wewe na Mwalimu mu wazima na cherehani yako haijaanza tena kula uzi. Nyumbani ni wazima. Mama ameniandikia kwamba Baba amenunua jogoo anayewika saa nane mchana. Majirani wamelalamika, na Baba anamtetea kwamba jogoo ni mgeni mtaani, bado hajazoea saa za huku.

Unakumbuka nilivyoanguka kutoka kwenye ngazi ya maktaba mwaka jana, nikitafuta juzuu ya tatu ya kitabu ambacho baadaye niligundua kina juzuu mbili tu. Kifundo kilivunjika, kikafungwa, kikaunga. Daktari alitundika picha ukutani akasema mfupa umeunga vizuri sana. Mama alilia kwa furaha, akaita majirani, nikaambiwa nitembee kutoka mlangoni hadi mezani. Wakapiga makofi. Mimi nilikuwa nahisi natembea juu ya makaa, lakini watu walikuwa wamekwisha kupiga makofi, na mimi si mtu wa kukatiza makofi.

Si maumivu ya kuchubuka wala ya kuteguka. Ni kama mtu ameuchovya mguu kwenye maji ya moto kisha anaupitishia umeme, na hakuna kidonda cha kuonyesha. Shuka likiugusa nashtuka. Mtu akifunga mlango kwa nguvu, upepo wa mlango unaniuma. Mwezi wa tisa nilijaribu kumwambia muuguzi wa shule, ila nilisema mguu "unanisumbua kidogo", na hilo neno kidogo ndilo lililoniponza. Aliitazama picha, akanitazama mimi, akasema, "Mfupa huu mzuri kuliko wangu. Nenda kakimbie." Tangu hapo nikiulizwa nasema sijambo.

Sasa shida. Siwezi kuvaa soksi mguu wa kushoto, na kiatu nakikanyaga kisigino. Mwalimu wa nidhamu tunamwita Kengele, kwa sababu humsikii akija, unasikia tu kwamba muda wako umekwisha. Ameniambia msimamizi wa maktaba lazima awe mfano wa sare, na kwamba tukifungua muhula ujao nikiwa bado hivi, ufunguo wa maktaba atapewa mwingine. Mjomba, maktaba ndiyo sehemu pekee hapa shuleni ambapo naweza kukaa na watu bila kuzungumza nao.

Je, unaweza kunishonea kitu laini cha kitambaa, cheusi, kinachofanana na kiatu kwa mtu anayetazama kutoka mbali? Na tafadhali usimwambie Mama. Atakuja kunichukua na basi la kwanza.

Mpwa wako.


Dukani, 27 Februari

Profesa, mpwa wangu,

Marahaba. Barua yako ilikaa kwa kinyozi jirani siku nyingi, maana mtu wa posta alikuta duka limefungwa. Yaani nilikuwa nimetoka kidogo.

Huku tu wazima. Mke wangu Mwalimu anakusalimu. Amepewa darasa la watoto wadogo mwaka huu, na akirudi nyumbani hawezi kuacha. Jana aliniambia nikae vizuri kwenye kiti changu mwenyewe, nikakaa. Salamu za jogoo nimezipata. Mwambie Baba yako amuulize kama anatafuta kazi, kwa maana mimi saa nane mchana ndipo ninaposinzia.

Kuhusu hilo la shuka, nimelisoma mara mbili. Nalijua. Nina maana kwamba nimewahi kulisikia kwa watu.

Kiatu nitakushonea. Nimekushonea gauni la ubatizo wa mdoli, nitashindwa na kiatu? Juu mahameli nyeusi, ndani bitana laini kabisa, na mishono yote itatazama nje ili isikuguse. Nitumie kipimo. Weka karatasi sakafuni, simama juu yake na uzito wako wote, kisha pitisha penseli kuuzunguka mguu, ikiwa imeugusa muda wote, isiachie hata kidogo. Mguu wa kushoto. Nakujua wewe, usije ukanichorea mguu ulioko kitabuni.

Mama yako sitamwambia. Ila ujue yeye ni dada yangu mdogo, na tangu akiwa mtoto akinitazama machoni nasema kila kitu. Kwa hiyo nitamkwepa.

Mimi mwenyewe niko salama. Joto tu limezidi mwaka huu, nashinda kifua wazi. Kinyozi ameniuliza, "Fundi, za watu unashona, ya kwako iko wapi?" Nikamwambia ya kwangu iko kwenye foleni, haijafikiwa.

Mjomba wako.


Bwenini, 8 Machi

Mjomba mpendwa,

Shikamoo, na umpe Mwalimu shikamoo yake. Sisi tunaendelea na mitihani ya katikati ya muhula. Mama ameandika: Baba sasa anamfunika jogoo kwa kikapu adhuhuri ili adhani ni usiku, na jogoo akifunuliwa jioni anawika akidhani kumekucha. Mama amesema kati ya hao wawili hajui ni nani atahama.

Kipimo hiki hapa. Nimechora polepole, penseli ikiwa imegusa muda wote, kama ulivyosema.

Umeniuliza moyoni, najua, ninavyolala. Nalala na boksi. Nilikata upande mmoja wa boksi la karatasi, nikaingiza mguu ndani yake, na blanketi linakaa juu ya boksi kama paa. Limefanya kazi vizuri mpaka matroni alipokuja kukagua vitanda.

"Hilo boksi la nini?"

"La vitabu, matroni."

"Vitabu navyo vinalala?"

Swali lilikuwa la haki. Jirani yangu wa kitanda, ambaye tunamwita Redio kwa sababu huwaka alfajiri na huzimwa na mtu mwingine, akanijibia. "Matroni, huyu bila kitabu kitandani anaota vibaya. Usiku anahesabu kwa sauti. Tumuachie tu tulale." Matroni akaandika kitu, akaondoka. Redio hajui kuna nini ndani ya boksi. Alinisaidia tu kwa vile hapendi kimya.

Mchana shida ni watu. Siogopi ngazi wala mawe. Naogopa watu wanaofurahi, kwa maana mtu akifurahi hurukaruka, na anayeruka hutua mahali. Shule iliposhinda mpira wiki iliyopita, mimi peke yangu nilikuwa nimepanda juu ya benchi kabla ya filimbi. Kengele alinisifu kwa moyo wa kuipenda timu.

Kuna jambo moja sikulielewa. Mama anasema huko kwenu mvua haijakatika tangu mwaka uanze, na darasa la Mwalimu linavuja mpaka watoto wanaandika chini ya miavuli. Mjomba, ni joto gani hilo?

Mpwa wako.


Dukani, 30 Machi

Profesa,

Marahaba. Mwalimu anakushukuru kwa shikamoo, ila anasema herufi zako zinalala upande, uzisimamishe.

Mvua na joto vinaweza kukaa nyumba moja. Mbona mimi na Mwalimu tunakaa.

Kiatu hicho. Usikiloweshe. Ukivae kwanza chumbani, sio mbele ya watu, ukizoee. Ukikitazama kwa karibu utaona mshono wa kisigino haukwenda sawa, ni kwa sababu taa ya duka ilikuwa hafifu. Ukitazama kwa mbali, kama atakavyotazama huyo Kengele wenu, ni kiatu kabisa. Kinyozi amekiona akataka chake.

Sina mengi leo. Nimekaa vibaya.

Mjomba wako.


Bwenini, 13 Aprili

Mjomba mpendwa,

Shikamoo. Nyumbani hawajambo. Jogoo amepelekwa kwa rafiki wa Baba ambaye ni mlinzi wa usiku na hulala mchana, kwa hiyo naona urafiki huo hauna muda mrefu.

Kiatu kimefika. Nimekitazama sana. Ni kizuri, na bitana yake ni laini kuliko shavu la mtoto. Kuna tatizo dogo. Ni cha mguu wa kulia.

Kosa ni langu. Uliponiambia penseli iguse muda wote, nilikaa sakafuni na karatasi na penseli kwa muda mrefu. Nilijaribu mara tatu. Mara ya tatu nilifika kwenye kidole cha pili, nikapiga ukelele mpaka Redio akaja kuuliza kama kuna panya. Kwa hiyo nikachora mguu wa kulia, nikafikiri: miguu yangu inafanana, Mjomba atageuza tu karatasi. Nilikusudia kuandika nyuma yake "geuza". Kisha kengele ya chakula ikalia.

Nimejaribu kukivaa kushoto hivyo hivyo, kwa heshima yako. Redio alinitazama nikipita akasema, "Wewe unakwenda huku, mguu unakwenda kwao." Sasa nina viatu viwili vya mguu wa kulia na hakuna cha kushoto kinachonifaa.

Mjomba, nina swali, na nimeliandika na kulifuta mara nyingi kwa sababu mtoto hapaswi kumuuliza mkubwa hivi. Gauni langu la shule ulilishona wewe, na shati la Baba, na mapazia ya sebuleni. Mishono yako naijua. Ni midogo na imebanana kama chembe za mchele. Huu wa kiatu unatangatanga kama mtu anayetafuta choo katika nyumba ya ugenini. Taa hafifu haiwezi kufanya hivyo, wewe unaweza kushona ukiwa umefumba macho, nimekuona. Nani ameshona kiatu hiki? Na mbona duka lilikuwa limefungwa mtu wa posta alipokuja? Na ni joto gani?

Kama nimekosa adabu, nisamehe.

Mpwa wako.


Nyumbani, 2 Mei

Mpwa wangu,

Marahaba. Barua yako Mwalimu aliisoma kwa sauti mezani. Alipofika kwenye choo cha ugenini aliweka barua chini, akasema, "Mtoto amekukamata." Kisha akasema mshono ule ni wa kwake na hakuona kibaya chake.

Basi nisikilize. Mwaka jana, wakati wewe uko na plasta, mimi nilipata mkanda wa jeshi. Vipele vilinizunguka ubavu wa kushoto, kutoka mgongoni hadi kifuani, kama mtu amenifunga mshipi wa moto. Vikakauka, vikaisha. Ngozi ikarudi. Moto haukuondoka. Mpaka leo, kitambaa kikinigusa upande huo ni kama nimevishwa upupu. Mimi, mpwa wangu, ambaye nimekula kwa kitambaa maisha yangu yote. Pamba, sufu, hariri, nimejaribu zote kama bwana harusi, zote zimenikataa.

Hilo ndilo joto.

Nikikaa kwenye cherehani, mkono wa kushoto unapopeleka nguo unasugua ubavu, basi. Nashona nusu saa, nafunga duka. Kiatu chako nilikikata mwenyewe, ila kushona nilikaa pembeni nikimwelekeza Mwalimu. Ilikuwa siku mbaya kwa ndoa. Nilisema, "Vuta taratibu." Alisema, "Usinifundishe." Nilisema, "Lakini nakufundisha, ndiyo maana tumekaa hapa." Akaniambia ninyooshe mkono kabla ya kusema.

Nimejishonea shati lenye dirisha. Upande wa kulia ni shati kamili, lina kola, lina mfuko. Upande wa kushoto hakuna kitu kutoka kwapani hadi kiunoni. Nilipita nalo dukani kwa mkate, muuzaji akaniuliza kwa upole kama nimeibiwa nusu.

Na kila mtu ana dawa. Kinyozi anasema nipake mafuta ya gari. Fundi baiskeli anasema barafu. Mpangaji wetu anasema nisilifikirie, na yeye akijikata kidole tu mtaa mzima haulali.

Hospitali sijarudi. Mara ya mwisho waliniambia vidonda vimepona, niende nyumbani nishukuru. Na hata nikitaka kurudi, ili niende lazima nivae shati.

Lakini wewe ni mtoto, ni tofauti. Mtoto akiumwa anapelekwa kwa daktari. Usipomwambia mtu hapo shuleni, mimi nitamtazama Mama yako machoni.

Mjomba wako.


Bwenini, 14 Mei

Mjomba mpendwa,

Shikamoo. Likizoni nyumbani nilishinda na ndala, na Mama alikuwa na shughuli, hakugundua kitu. Jogoo amerudishwa.

Barua yako niliisoma ngazini na nilicheka kwenye dirisha la shati, kisha nikalia kwenye "Hilo ndilo joto", kisha nikaona aibu kwa yote mawili. Pole sana, Mjomba.

Tulifungua shule wiki iliyopita. Siku ya kwanza Kengele alitazama miguu yetu mstarini, akafika kwangu, akanyoosha mkono. Nikampa ufunguo. Amempa Redio. Redio hajawahi kufungua kitabu isipokuwa kuua mdudu. Sasa maktaba imejaa. Anasimulia filamu kutoka mwanzo hadi mwisho, na sauti za bunduki, na wasichana wamekaa hadi juu ya meza. Mimi nakaa nje ukutani kwenye kivuli. Jana alinifuata akaniuliza kama vitabu vinapangwa kwa unene. Nilimwambia hapana. Akasema amekwisha kuvipanga.

Nimefikiri kuhusu onyo lako la kumtazama Mama. Unasema mimi ni mtoto, kwa hiyo niende kwa daktari, na wewe ni mtu mzima, kwa hiyo usiende. Nimetafuta hoja ndani yake sikuiona. Kabla sijanyang'anywa ufunguo nilisoma kitabu kikubwa cha mwili wa binadamu. Kinasema kuna mishipa ya fahamu inayopeleka habari za maumivu, na ikijeruhiwa inaweza kuendelea kupeleka habari hata pale ambapo hakuna tena cha kuhabarisha. Hakikusema kwamba hufanya hivyo kwa watoto tu.

Kwa hiyo napendekeza mapatano. Alhamisi, tarehe sita mwezi wa sita, siku moja. Wewe utavaa shati, uende hospitali. Mimi nitakwenda kwa Kengele, niseme yote, niombe ruhusa ya hospitali. Ukienda, naenda. Usipokwenda nitajua, kwa sababu nitamwandikia Mwalimu, na yeye hudanganyiki.

Mpwa wako.


Nyumbani, 25 Mei

Profesa,

Nimekubali. Mwalimu amesoma mapatano yako akayapa alama nzuri, ila anasema inaandikwa "yeye hadanganyiki".

Alhamisi.

Mjomba wako.


Hospitali, kwenye benchi, 6 Juni

Profesa wangu,

Marahaba ya mapema, kwa maana najua saa hii na wewe uko mbele ya mtu unayesema. Mwalimu amenipa kalamu yake nyekundu, kwa hiyo usidhani nimekukosoa.

Tumefika asubuhi. Nilivaa shati la dirisha, na juu yake koti nikalishika mbali na mwili kwa mkono, kama mtu anayeficha kuku. Mlangoni mlinzi akasema, "Mzee, vaa koti vizuri au usiingie." Mwalimu akamwuliza, "Anayetibiwa ni nani, yeye au koti?" Mlinzi akafikiri. Bado alikuwa anafikiri tulipopita.

Daktari ni kijana, angeweza kuwa mwanangu. Sikuweza kuanza. Nilimpa habari za mvua. Nikamuuliza suruali yake kashonewa wapi, maana ilikuwa imepindwa vibaya. Mwishowe nikasema, "Kuna joto upande huu." Akauliza, kutoka moja hadi kumi, joto hilo ni ngapi. Nikasema tatu.

Hapo Mwalimu akaingilia. Akasema, "Tatu? Mtu wa tatu analala amekaa? Mtu wa tatu anafunga duka la baba yake? Daktari, mwandikie tisa. Hiyo tatu ni ya heshima kwako."

Mpwa wangu, nilimtazama mke wangu. Nilidhani ninamficha. Kumbe usiku ninapokaa, na yeye huwa macho, anajifanya amelala ili nisijione ninamsumbua. Miezi yote hiyo tumekuwa wawili macho chumba kimoja, kila mtu anamlindia mwenzake usingizi ambao haupo.

Nikasema tisa.

Daktari hakushangaa. Amesema anawaona wengi walioachiwa moto huu na mkanda wa jeshi. Amenipa vidonge vya kutuliza mishipa ya fahamu. Ameniambia havifanyi kazi leo wala kesho, ni vya kuanza kidogo na kusubiri wiki kadhaa, na huenda maumivu yasiishe yote. Niliuliza kama kuna vya leo. Hakuna. Hata hivyo, nimetoka mle ndani mwepesi, na sijameza hata kimoja.

Sasa tunasubiri dirisha la dawa. Niandikie wewe ilikuwaje. Uliogopa? Huyo Kengele alisemaje?

Mjomba wako.


Bwenini, 22 Juni

Mjomba mpendwa,

Shikamoo, na umpe Mwalimu shikamoo na umwambie nimezisimamisha herufi. Nyumbani ni wazima. Jogoo bado yupo, na Baba ameanza kulala mchana.

Barua yako ilifika siku tatu zilizopita, na nilipofika pale ulipoandika kwamba saa hiyo na mimi niko mbele ya mtu nikisema, nilitamani kujificha ndani ya bahasha. Sikwenda, Mjomba. Alhamisi ile nilifika mlangoni kwa Kengele, nikabisha. Akasema, "Ndiyo?" Nikasema naomba chaki. Akanipa chaki. Nikarudi baada ya chakula, akanipa nyingine. Jioni hakuniuliza hata ninataka nini, aliinyoosha tu. Wewe ulikuwa kwenye benchi na koti mkononi ukiamini mpwa wako ni mtu wa neno lake, na mimi nilikuwa na chaki tatu.

Naandika nilichofanya baada ya kusoma barua yako, kwa mpangilio.

Nilivua kiatu cha kushoto, ili nisiwe na namna ya kusema nimekuja kwa jambo jingine. Nilivuka uwanja hivyo. Nilibisha. Kengele aliponiona alifungua mtoto wa meza, akatoa chaki.

Nikasema, "Si chaki, mwalimu. Mguu wangu haujapona. Unaungua tangu mwaka jana. Soksi sivai kwa sababu siwezi, sio kwa sababu sitaki. Naomba kwenda hospitali."

Aliutazama mguu. Hauna kitu cha kutazama, unajua. Ni mguu tu.

"Mbona hukusema?"

"Niliogopa mtasema ni uongo."

Kengele alirudisha chaki ndani, akafunga, akafungua tena bila sababu. Kisha akasema, "Kaa." Kile kiti hakuna mwanafunzi aliyewahi kukikalia. Akamwita muuguzi. Muuguzi alianza kusema picha ilionyesha mfupa mzuri, na Kengele akamwambia, "Mfupa nimeusikia. Sasa msikilize mwenye mguu."

Ijumaa muuguzi alinipeleka. Daktari ni mama mtu mzima mwenye miwani iliyofungwa kwa uzi. Alichukua pamba, akaipitisha juu ya mguu wa kulia, nikasema ni pamba. Akaipitisha juu ya wa kushoto, nikaruka mpaka faili la muuguzi likaanguka. Muuguzi akalitazama faili sakafuni, hakuliokota kwa muda. Daktari akasema, "Mfupa umepona. Mishipa ya fahamu haijapata habari." Nilimwuliza kama anaamini kwamba kweli unauma. Akanijibu kwamba hajaniuliza, amenipima. Nililia, lakini kidogo.

Nimepewa vidonge kama vyako, ila dozi ya chini. Nimepewa pia zoezi: kila siku niuguse mguu kwa pamba kwa muda mfupi, nikizoea nihamie kwenye kitambaa laini, halafu kigumu zaidi, mpaka siku moja soksi. Niliuliza itachukua muda gani. Alisema hajui. Shule imeniruhusu nivae ndala mguu mmoja. Ufunguo wa maktaba tunao wawili, mimi na Redio, kwa sababu amegoma kuurudisha. Mimi niko hapo asubuhi kunapokuwa kimya, yeye jioni.

Tuliporudi nilimwandikia Mama. Nilimwambia kila kitu, hata siku ya makofi. Nilimwomba asije na basi la kwanza, aje siku ya wazazi kama wengine, na akija anipe nafasi nitembee ninavyotembea. Barua hiyo niliipeleka posta kabla ya kuanza hii ya kwako, nisije nikaifuta.

Usiku nilikaa kitandani nikachukua pamba. Nilijaribu kidole kidogo kwanza. Redio aliniona uso, akauliza kuna nini, nikamweleza tangu ngazi ya maktaba mpaka kwa daktari. Alisikiliza mpaka taa zikazimwa. Kisha akaomba nimwonyeshe wapi hasa, ili ajue pa kutokanyaga. Nikamwonyesha. Asubuhi niliamka kabla ya wengine, nikaweka pamba tena.

Mpwa wako.